Mashine Isiyokuwa na Moja

Siku ya kwanza alipoingia maabara, darasa zima lilisimama.

Walidhani ni mkaguzi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro mmoja, sketi ya kijivu imepigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata karatasi, miwani ina mnyororo shingoni, na mkoba mweusi ameubana kwapani kama mtu aliyekuja kufunga ofisi za watu. Wanafunzi sitini na wawili, wengi wao hawajatimiza miaka ishirini na moja, wakasukuma viti nyuma, wakasimama wima. Hata mimi, mwalimu wao, nilijikuta nimeweka kalamu ya ubao chini na mikono nimeipeleka mgongoni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwalimu," akajibu. "Kaeni, jamani. Mimi mwanafunzi mwenzenu."

Wakaketi huku wakitazamana. Yeye akachagua kompyuta namba nne, mstari wa mbele, chini ya feni iliyokuwa ikilalamika tangu nilipoajiriwa. Akavuta kibodi, akaipima upana kwa viganja kama mtu anayepima kitambaa, akainua macho ubaoni nilikoandika maelezo ya somo. Kisha akaanza.

Sijui nieleze vipi ile sauti. Sisi tunaoshinda kwenye kompyuta tunagonga: tap, tap, tunasimama, tunafuta, tap. Yeye hakugonga. Ilikuwa kama mtu amemwaga kunde kavu kwenye sufuria na kunde zenyewe hazikomi kumwagika. Hakutazama vidole. Hakutazama hata skrini. Alitazama ubao tu, na maneno yakawa yanatoka upande wa pili yenyewe. Maabara ikanyamaza kusikiliza. Alipomaliza, mimi nilikuwa bado sijamaliza kuwasomea aya ya pili. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la leso, akangoja.

Kijana mmoja wa mstari wa nyuma akashindwa kujizuia. "Duh! Mama Chapa!"

Jina likamganda hapo hapo, naye hakulikataa.

Baadaye nilijua kwamba jina lile lilikuwa ndiyo kazi yake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya mitihani ya chuo chetu hiki hiki, jengo la ng'ambo ya ua, ghorofa ya chini, dirisha la tatu. Orodha yangu mwenyewe ya alama, ile niliyoibeba kuombea kazi, ilipita chini ya vidole vyake. Halafu kazi ya kupiga chapa ikafutwa. Wapiga chapa watano wakaambiwa wachague: kustaafu mapema au kusoma. Wanne wakaaga. Yeye akajaza fomu ya shahada ya kompyuta.

Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akaniambia, "Mwalimu, nimechapa alama za watu tangu wewe unanyonya. Nikasema na mimi kabla sijafa nione zangu zinafananaje."

Somo lenyewe linaitwa Zana za Programu, na wanafunzi hulifupisha wakaliita Zana. Halina nadharia kubwa. Linafundisha vitendea kazi: namna ya kuzungumza na kompyuta kwa amri za kuandika kwenye skrini nyeusi, bila picha za kubonyeza, namna ya kutafuta neno moja ndani ya maelfu ya mafaili, namna ya kutunza kila toleo la kazi yako ili ukikosea urudi ulikotoka. Nilikuwa nalifundisha mwaka wa tatu, na mwenendo wa alama zake niliujua kama ngazi za nyumbani. Theluthi ya darasa hufaulu vizuri, theluthi hupenya kwa ubavu, na theluthi ya mwisho huja ofisini kwangu na vyeti vya daktari.

Nakiri kwamba kwa vidole vile nilimweka Mama Chapa theluthi ya kwanza kabla hajafanya lolote.

Jaribio la kwanza likaja. Nilipopanga alama kutoka juu hadi chini, namba yake ya usajili sikuiona juu. Sikuiona katikati. Nikaikuta mwisho kabisa: kumi na nne kwa mia. Nilitazama mara mbili nikidhani nimechanganya mistari. Sikuwa nimechanganya.

Matokeo yalibandikwa saa nne asubuhi. Nilimwona kupitia dirishani akisogea ubaoni, akaweka kidole juu ya orodha na kukishusha taratibu, mstari kwa mstari, kama alivyozoea kuhakiki orodha za wengine. Kidole kikashuka, kikashuka, mpaka kikafika mwisho wa karatasi. Akakiacha pale kidogo. Kisha akaja kwangu.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, mama. Kaa."

Hakukaa. "Sikuja kuomba alama. Waomba alama nawajua, nimewaona wakipanga foleni dirishani kwetu miaka yote hiyo. Nimekuja uniambie nilikosea wapi."

Nikafungua kazi yake. Hapakuwa na herufi moja iliyopotoka. Kila amri, kila nukta, kila nafasi ilikuwa mahali pake. Tatizo ni kwamba zilikuwa amri za mifano yangu ya darasani, si majibu ya maswali. Nilikuwa nimewataka watafute neno katika faili la barua. Yeye akalitafuta katika faili la mashairi, kwa kuwa mfano wangu wa darasani ulikuwa wa mashairi. Faili la mashairi hata halikuwepo kwenye jaribio.

"Mama," nikasema polepole, "umenakili."

Hapo ndipo alipokaa. Akautazama mkoba wake mapajani.

"Ni kweli. Mwalimu, mpiga chapa mzuri hafikiri. Akifikiri, anakosea. Bosi akiandika 'salamu nyama' badala ya 'salamu njema', unachapa nyama. Nilifundishwa nikiwa msichana: macho kwenye karatasi, vidole kwenye mashine, akili iweke kwenye mkoba, utaichukua jioni ukienda nyumbani. Sasa wewe unataka niitoe mkobani saa za kazi."

"Ndiyo, mama. Ndilo somo lenyewe."

Akasimama, akajinyoosha sketi. "Haya. Itabidi nitafute niliiweka mfuko gani."

Sikujua kilichoendelea nyumbani kwake mpaka wiki ya sita, tulipopiga kura ya kugawana kazi za wawili wawili. Siku ileile jioni msichana mmoja wa mstari wa tano alinifuata kwenye korido. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wangu wepesi, alama sabini na tisa kwenye jaribio la kwanza, mdomo wake mkali kama akili yake.

"Ticha, naomba unibadilishie mwenzangu."

"Umepangwa na nani?"

"Namba nne."

"Mama Chapa? Ana kosa gani?"

Akatazama viatu vyake. "Ni mama yangu."

Nilijibana nisicheke. Wiki sita walikuwa wakiingia maabara mlango mmoja, dakika tofauti, na kukaa kama watu waliokutana kituoni. Huyu alikuwa kitinda mimba wake. Kaka na dada zake walishaondoka nyumbani. Alipangiwa chuo mwaka uleule mama yake alipojaza fomu, na kwa bahati ya mtende, au kwa mkosi, inategemea unamuuliza nani, wakaangukia darasa moja.

"Kura ni kura," nikamwambia. "Kwani nyumbani hamuongei?"

"Nyumbani ndiko balaa, ticha! Nyumba nzima imekuwa Zana." Na akaanza kunimwagia. Mama yake alikuwa amekata maboksi ya viatu akatengeneza kadi. Upande mmoja wa kadi aliandika amri. Upande wa pili hakuandika maana ya amri, aliandika swali ambalo amri ile inalijibu. Niko wapi? Humu ndani mna nani? Mko wangapi? Nani amefanana na nani? Baba yake, dereva mstaafu wa malori makubwa, alikuwa anakaa jikoni kila alasiri akimenya viazi, kadi zimepangwa mbele yake kama karata, anamsomea mkewe maswali. Mama akijibu vibaya, baba anapiga honi kwa mdomo.

"Baba sasa hivi anajua amri thelathini," msichana akamalizia, "na kompyuta hajawahi kuigusa maishani mwake."

Sikumbadilishia mwenzake. Akaondoka amenuna.

Walifanya kazi ile kama majirani waliogombana: huyu anaandika, yule anatazama pembeni, hakuna mazungumzo yanayozidi haja. Binti alikuwa na haraka, mama alikuwa na hatua. Ikaenda hivyo mpaka Jumatano moja, saa tano asubuhi, nikiwa napita kati ya mistari kukagua. Binti alitaka kufuta mafaili machache ya majaribio. Kwenye amri akaweka nafasi moja isiyotakiwa, nafasi tupu, upana wa punje ya mtama. Kompyuta haina huruma wala haina swali la ziada, ilitii ilichoambiwa. Ikafuta kila kitu ndani ya folda, kazi ya wiki tatu.

Niliona uso wa binti ukisawijika. Akaandika amri ya kuorodhesha mafaili. Hakuna. Akaandika tena. Hakuna.

"Kimekwenda," akanong'ona. "Kila kitu kimekwenda."

"Kimekwenda wapi?" akauliza Mama Chapa, bila kuinua sauti.

"Kimefutika, mama!"

Darasa zima likageuka. Wengi ndiyo kwanza walikuwa wakisikia kwamba wale wawili ni mtu na mwanawe.

Mama Chapa akavuta kibodi upande wake. Akaandika amri nne fupi, nilizihesabu. Kazi ikarudi yote, kama ilivyokuwa jana jioni. Nikainama kutazama vizuri, maana sikuamini. Alikuwa amehifadhi toleo la kazi yao kila siku kabla ya kunyanyuka kitini, matoleo kumi na matano, na kila toleo lina kumbukumbu namba, tarehe, na sentensi moja kamili ya kueleza kilichobadilika, mtindo wa barua za ofisi. Miaka mitatu nilikuwa nikiwasihi wanafunzi wafanye hivyo. Wengi huhifadhi mara mbili: siku wanayoanza, na saa moja kabla ya kukusanya.

"Mama," nikasema, "nani alikuambia uhifadhi kila siku?"

"Wewe. Lakini mwalimu, mimi tangu nianze kazi sijawahi kupiga barua bila karatasi ya kaboni chini yake kubakiza nakala. Ulipotueleza ile programu ya kutunza matoleo nikasema, kumbe! Hawa watu wamevumbua kaboni."

Maabara ikaangua kicheko. Binti yake akalaza kichwa begani kwake mbele ya watu wote, akalia kidogo, akacheka kidogo, akafutwa machozi kwa leso ileile ya kufutia miwani. Kuanzia siku ile alihamia kompyuta namba tano.

Jaribio la pili Mama Chapa alipata hamsini na nane. La tatu, sabini na saba. Kila nilipobandika orodha, kidole chake kilisimama juu zaidi. Nami nikaanza kufanya jambo ambalo mwalimu hapaswi kulifanya: kwenye lundo la kazi za kusahihisha, nikawa natafuta kwanza yake. Kompyuta nyingine zote zilinipa majibu. Yake ilinionyesha mtu anayejifunza kufikiri upya akiwa karibu na miaka hamsini, na sijui kama kuna kitu kinachomnyamazisha mwalimu kuliko hicho.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Maswali matano. La tano lilikuwa na alama thelathini, na nilijivunia kulitunga. Niliwapa faili la maktaba ya chuo, mistari elfu kumi na moja na ushee. Zilikuwa kadi za zamani za kuandikishia vitabu, zile za kupigwa chapa, ambazo maktaba ilizipiga picha ili kompyuta isome maandishi na kuyageuza faili. Swali lilikuwa fupi: vitabu vingapi viliandikishwa kabla ya mwaka 1980? Faili lile nilikuwa nimelitumia kwa mazoezi miaka mitatu. Nalijua, nikadhani, nje ndani. Jibu nililokuwa nalo ni elfu nane mia nne na kumi na mbili. Nililipata kwa dakika kumi.

Maswali manne ya kwanza Mama Chapa aliyamaliza saa tatu na nusu. Zile kunde zikamwagika, zikamwagika, halafu ghafla zikanyamaza. Chumba chote kinagonga, namba nne kimya. Nikapita nyuma yake, mikono mfukoni, nikijifanya natazama saa. Alikuwa amelifungua faili na analisoma. Haandiki kitu. Anabonyeza kitufe cha kushusha ukurasa, anasoma, anabonyeza, anasoma.

Dakika kumi. Ishirini. Nilizunguka chumba, nikarudi. Bado anasoma. Moyo ukaniuma. Nikasema, basi, amekwama, amerudi kwenye kutazama karatasi. Binti yake pia alimtupia jicho la wasiwasi, akakumbuka ni mtihani, akarudisha macho kwake. Kusema neno siruhusiwi.

Baada ya dakika kama arobaini, Mama Chapa akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena, akasogea karibu na skrini, na akatabasamu, tabasamu la mtu aliyemtambua mtu wa kwao katikati ya umati. Akaandika mstari mmoja. Akaupitia. Akatuma, akachukua mkoba, akatoka nje saa nne na robo.

Usahihishaji wa mtihani wa mwisho wa Zana hufanywa na programu: inalinganisha jibu la mwanafunzi na jibu langu, inatoa alama. Jumatatu nikapata orodha. Binti, themanini na tatu. Mama, sitini na saba. Swali la tano alikuwa na sifuri. Jibu lake lilikuwa elfu nane mia sita arobaini na tisa. Amezidisha mia mbili thelathini na saba. Nikatikisa kichwa. Nilidhani amehesabu mistari mingine mara mbili.

Kwa utaratibu wetu, mwanafunzi huona kazi yake kabla alama hazijapelekwa mbele. Akaja Jumanne asubuhi. Safari hii alikaa bila kukaribishwa.

"Mwalimu, la tano nimepata sifuri."

"Ndiyo, mama. Umezidisha."

"Sijazidisha. Wewe ndiye uliyepunguza."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mama anavyomwambia mwanawe kwamba shati amelivaa ndani nje.

"Fungua faili," akaniambia. "Shuka. Endelea. Hapo. Nisomee mwaka."

"Elfu moja mia tisa sitini na nane."

"Nisomee tarakimu mojamoja."

"Moja, tisa, sita, nane."

"Hiyo ya kwanza si moja."

Nikasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Kisha nikakuza maandishi, yakawa makubwa kama ya bango. Ile niliyoiita moja ilikuwa herufi ya l, ndogo. Kwenye ukubwa wa kawaida zilitofautiana kwa kijimkia kidogo tu, kisichofika hata ukope wa sisimizi. Jicho la mtu linaipita, linaona mwaka. Kompyuta haidanganyiki namna hiyo: kwake l ni l, na mwaka unaoanza na herufi si mwaka, ni takataka. Amri yangu ilikuwa inatafuta tarakimu. Kila mstari wa namna ile iliuruka.

"Mashine za zamani, mwalimu," akasema, "nyingi hazikuwa na kitufe cha moja. Safu ya namba inaanzia mbili. Ukitaka moja, unapiga l. Ndivyo tulivyofundishwa wote. Mashine yangu ya kwanza haikuwa na moja. Nimekaa nayo miaka sita. Hapo maktaba nadhani ilikuwapo moja ya namna hiyo, ya akiba, wanaitoa nyingine zikiharibika. Ndiyo maana si kadi zote."

Nilichukua mstari wake mmoja wa amri, ule alioutuma Jumamosi, nikaupitisha kwenye faili mbele yake. Ulikuwa mwepesi ajabu: mahali mimi nilipoandika moja, yeye aliandika moja au l. Ikatoka mistari mia mbili thelathini na saba zaidi ya yangu. Nikaichapisha kwenye karatasi, tukaipitia pamoja mstari kwa mstari, mimi na kalamu nyekundu, yeye na kidole, mpaka saa ya chakula ikapita. Hapakuwa na mstari mmoja wa bandia. Vyote vilikuwa vitabu vya kweli, vya miaka ya kweli.

Ninapaswa kusema niliona aibu, na kweli niliona, lakini aibu ilikuwa ndogo. Kubwa lilikuwa jambo jingine. Faili lile lilipita mbele ya wanafunzi karibu mia mbili kwa miaka mitatu, mbele yangu, mbele ya mkuu wa idara aliyeupitisha mtihani, na mbele ya kompyuta zenye kasi ambayo hata kuitaja ni taabu. Vitabu mia mbili thelathini na saba vilikaa humo vimejificha nyuma ya herufi moja. Akaja mtu mmoja, akaketi, akasoma.

"Uliona vipi?" nikamuuliza.

"Nilisoma."

"Mistari elfu kumi na moja?"

"Si yote. Kuna kitu kilikuwa kinanikwaruza macho, sijui nini. Nikasoma mpaka kikajitokeza."

Nilimpeleka kwa mkuu wa idara. Profesa wetu ni mzee wa maneno machache, na sifa yake chuoni ni moja: hajawahi kubadilisha alama ya mtu. Alisikiliza. Akaomba aonyeshwe. Akainama kwenye skrini, akainua miwani, akaishusha.

"Tasnifu yangu," akasema mwishowe, "ilipigwa na mashine ya namna hiyo. Kurasa mia tatu. Nimeisoma sijui mara ngapi, sikuwahi kuona." Akanyanyuka kitini, mzee mwenye magoti mabovu, akasimama sawasawa mbele ya mwanafunzi. "Mama, hongera."

Kikao cha mitihani kiliamua haraka. Waliopata jibu langu waliachiwa alama zao, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Mama Chapa akarudishiwa thelathini zake kamili. Tisini na saba. Hakuna aliyewahi kuzipata katika Zana tangu somo lianzishwe. Nilikwenda mwenyewe kumpa habari; nilimkuta kwenye benchi nje ya maabara na binti yake, wanagawana chungwa. Binti aliruka juu na kupiga ukelele. Mama alitafuna kipande chake mpaka mwisho, akakimeza.

"Zile tatu zimekwenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia: swali la pili, alisahau kufunga alama za kunukuu. Akaomba karatasi, akaandika kosa lile, akaitia mkobani.

Wiki iliyofuata aliomba jambo moja tu: kuziona kadi zenyewe. Tukaenda watatu, mimi, yeye na binti. Mkutubi akatuteremsha chumba cha chini, chenye makabati ya droo ndogondogo toka sakafu hadi dari, madirisha membamba yanatazama miguu ya wapita njia. Mama Chapa alikuja na namba za mistari yake. Akavuta droo, akapitisha kidole juu ya kadi kwa kasi ileile ya kibodi, akachomoa moja. Ilikuwa ile ya sitini na nane. Karatasi imekuwa ya rangi ya chai, wino bado mweusi.

Kwenye pembe ya chini palikuwa na herufi mbili ndogo. Ulikuwa utaratibu, mpiga chapa kuacha herufi za majina yake. Mama Chapa alizisoma, akazigusa kwa kidole.

"Huyu ndiye aliyenifundisha," akasema. "Kumbe alianzia huku."

Binti akamshika mkono. "Yuko wapi?"

"Ameshafariki, mwanangu, siku nyingi. Alikuwa akitupiga vidole kwa rula tukitazama mashine." Akacheka, machozi yamemjaa. Akanisogezea kadi. "Tazama hii l, mwalimu. Si imekolea kuliko wenzake? Ni kidole cha pete cha mkono wa kulia, na yeye alivaa pete nzito. Hakuivua hata kazini."

Mimi sikuona tofauti yoyote. Nikaipeleka kadi dirishani, nikaiinua kwenye mwanga, nikaitazama mpaka macho yakaniwasha. Ndipo nikaona. Ilikuwa imekolea, kwa unywele. Mwanamke ambaye sikumjua, aliyekufa kabla sijajua kusoma, alikuwa amebonyeza pale kwa kidole chenye pete, na uzito wa pete ulikuwa bado umekaa kwenye karatasi. Sikurudisha kadi upesi. Nilisimama nayo tu.

Mama Chapa alimaliza shahada miaka miwili baadaye, akiwa wa tano katika darasa lake, na binti yake akashika nafasi ya tatu. Mumewe alipiga honi yake ya mdomo ukumbini, walinzi wakamfuata. Maktaba ilimchukua asafishe mafaili ya kadi zote, kadi laki moja na elfu ishirini, na programu anazozitumia ameziandika mwenyewe. Mimi nimebadilisha somo. Saa mbili za kwanza za Zana hakuna anayegusa kibodi. Ninawagawia wanafunzi faili lililochapishwa kwenye karatasi na kuwaambia wasome. Wananung'unika, kila mwaka. Wiki ya pili Mama Chapa huja kutoka maktaba, anakaa nao, anauliza wameona nini.